Vita vya Ukraine vyafufua ugomvi wa 1914 wa wapinga dola

Na Mwandishi Wetu

WAKATI makombora ya Urusi na ya Ukraine yakipishana angani katika eneo la Bakhmut, Aprili 19, 2023 aliuawa huko mpiganaji wa upande wa Ukraine aliyeitwa Dmitry Petrov. Hakuwa raia wa Ukraine. Alikuwa Mrusi, msomi wa historia kutoka Moscow, na pamoja naye walikufa wapiganaji wengine wawili wa kujitolea, mmoja raia wa Ireland na mwingine wa Marekani.

Katika vita vilivyokwisha kuangamiza maelfu kwa maelfu ya watu, vifo vya watu watatu visingekuwa habari kubwa. Lakini kulikuwa na jambo lililowashangaza wengi. Petrov alikufa akipigana bega kwa bega na jeshi la dola, ilhali maisha yake yote ya siasa alishikilia kwamba dola zote, iwe ya Moscow, ya Kyiv au ya kwingineko, hazina uhalali wa kumtawala binadamu.

Petrov alikuwa anakisti, yaani mfuasi wa falsafa inayotaka jamii iendeshwe kwa ushirikiano wa hiari wa watu wenyewe, bila serikali, polisi wala jeshi la kudumu.

Mwaka uliotangulia, Februari 25, 2022, siku moja tu baada ya majeshi ya Rais Vladimir Putin kuvuka mpaka na kuivamia Ukraine, kikundi kidogo cha waanakisti wa Urusi kilitoa tamko tofauti kabisa na msimamo aliofia Petrov. Kikundi hicho kilisema vita hivyo ni ugomvi wa watawala wanaogombea ushawishi na masoko, na kwamba wafanyakazi wa pande zote mbili hawana sababu ya kumwaga damu kwa ajili yao.

Hivyo watu wa imani moja, walioichukia serikali ileile ya Kremlin, walifikia uamuzi unaopingana. Mmoja alichukua bunduki, mwingine akasema bunduki hiyo isichukuliwe na yeyote. Nani kati yao alikuwa sahihi? Swali hilo si geni. Liliulizwa kwa mara ya kwanza miaka zaidi ya 100 iliyopita, nalo liliwavunja urafiki watu waliokuwa wameishi kama ndugu.

Dola na vita, pacha wa tumbo moja

Watu wengi wanaposikia habari za waanakisti hufikiria fujo za mitaani, madirisha yaliyovunjwa na magari yanayoteketea. Historia ya kundi hili haikosi matendo ya aina hiyo, na hata mauaji ya wafalme na marais mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini hoja yao kuhusu vita ina mizizi mirefu zaidi ya hapo.

Kwa mtazamo wao, dola haiingii vitani kwa bahati mbaya. Vita ndiyo nafasi ambayo dola hupata nguvu isizoweza kuzipata wakati wa amani. Mgomo unakuwa uhaini, gazeti linalouliza maswali linafungwa, kodi zinapanda bila mjadala, na kijana anachukuliwa nyumbani kwao na kuamriwa kumuua mtu asiyemfahamu. Akikataa, anafungwa au kupigwa risasi.

Kwa sababu hiyo, waanakisti husema huwezi kupinga vita huku ukiiacha salama taasisi inayovizalisha. Hata hivyo, wengi wao si watu wa kugeuza shavu la pili. Wapo wanaokubali uasi wa kutumia silaha pale wanaoonewa wanapoinuka dhidi ya wanaowaonea. Wanachokataa ni kupigana chini ya amri ya serikali na kwa faida ya serikali.

Hoja hiyo ni nyepesi kuitetea vita vinapokuwa mbali. Ugumu huanza pale jeshi la dola nyingine linapokuwa tayari mlangoni.

Rafiki wawili wa London

Mwaka 1914, vita vikuu vya kwanza vya dunia vilipoanza, mwanafalsafa aliyeheshimiwa kuliko wote katika kundi hili alikuwa Peter Kropotkin. Alizaliwa mwaka 1842 katika ukoo wa kifalme wa Urusi, akawa mtaalamu wa jiografia, akafungwa katika nchi yake na kutoroka mwaka 1876, kisha akafungwa Ufaransa. Tangu mwaka 1886 alikuwa akiishi uhamishoni Uingereza.

Mzee huyo aliyeandika kwa miongo kadhaa dhidi ya dola aliwashtua wafuasi wake kwa kuunga mkono ushindi wa Ufaransa na washirika wake. Hoja yake ilikuwa kwamba Ujerumani ya Kaisari ikishinda, uhuru uliopatikana Ulaya kwa mapinduzi ya Ufaransa utazikwa kwa vizazi vingi.

Februari 1916, Kropotkin na wenzake waliandika ilani ya kupinga mazungumzo ya amani wakati Ujerumani ingali imeikalia Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa. Waraka huo unajulikana kama Ilani ya Watu Kumi na Sita, ingawa waliotia saini walikuwa 15. Jina la kumi na sita, Hussein Dey, lilikuwa jina la mahali nchini Algeria alikoishi mmoja wao, likadhaniwa kuwa ni la mtu.

Aliyempinga kwa nguvu zaidi alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, Errico Malatesta, Mtaliano aliyekuwa naye akiishi uhamishoni London. Katika makala aliyoitoa Novemba 1914 katika gazeti la Freedom, Malatesta aliwashutumu wenzake kwa kusahau misingi yao. Alisema hakatai kupigana kwa ajili ya uhuru, bali anakataa kuamini kwamba serikali moja inaweza kuwa mkombozi dhidi ya nyingine.

Februari 1915, Malatesta na wengine zaidi ya 30 kutoka nchi mbalimbali walitoa ilani yao kutoka London. Waliikataa hoja kwamba upande mmoja wa vita ulikuwa ukitetea ustaarabu, wakauliza ni dola ipi yenye mikono safi. Hawakuishia kwa Ujerumani. Waliitaja Uingereza kwa kuwakandamiza watu wa makoloni yake, na Ufaransa kwa ushindi wake wa damu Madagascar na Morocco na kwa kuwaingiza Waafrika jeshini kwa nguvu.

Jambo hilo la mwisho linagusa pwani ya Afrika Mashariki. Katika vita hivyohivyo, Waingereza waliwachukua mamia ya maelfu ya Waafrika kuwa wapagazi wa kubeba risasi na chakula katika kampeni dhidi ya Wajerumani. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Idadi rasmi ya waliokufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, inakaribia 95,000. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wateja wanaobanana leo katika masoko hayo wanalitamka kila siku jina la jeshi la watu waliolazimishwa.

Bei ya kusema hapana

Nchini Marekani, msimamo wa kupinga vita ulibebwa na Emma Goldman na Alexander Berkman, wote wahamiaji kutoka himaya ya Urusi. Mei 18, 1917, Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria ya kuandikisha vijana jeshini kwa lazima. Mwezi huohuo Goldman na Berkman walianzisha umoja wa kuipinga, wakafanya mikutano ya hadhara mjini New York.

Juni 15 walikamatwa. Julai 9 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya dola 10,000. Walipomaliza kifungo hawakuachwa wakae. Desemba 21, 1919 walipakiwa katika meli ya Buford pamoja na wengine, jumla yao 249, wakafukuzwa nchini na kupelekwa Urusi, ambako mapinduzi yalikuwa yamekwisha kuiangusha serikali ya mfalme.

Kilichowakuta huko kinaonyesha kwamba shaka yao juu ya dola haikuwa juu ya mabepari peke yao. Serikali mpya ya Bolshevik iliwafunga waanakisti waliokataa kuitii. Kropotkin, aliyekuwa amerejea Urusi mwaka 1917, alifariki Februari 8, 1921. Baadhi ya wafuasi wake waliokuwa jela waliruhusiwa kutoka kwa siku moja tu ili wakamzike, kisha wakarudi gerezani. Mwezi uliofuata serikali iliwavamia kwa mizinga mabaharia walioasi Kronstadt. Kabla ya mwaka huo kwisha, Goldman na Berkman waliondoka, wakiwa wamepoteza matumaini.

Ukraine na mzigo wa kuchagua

Historia hiyo ndiyo iliyokuwa mezani vita vilipoanza mwaka 2022, na Ukraine si nchi ngeni katika simulizi za kundi hili. Huko ndiko Nestor Makhno, mtoto wa wakulima maskini wa Huliaipole, alikoongoza kati ya mwaka 1918 na 1921 jeshi la wakulima lililopigana na Wajerumani, na Warusi waliomtetea mfalme, na hatimaye Wabolshevik. Makhno alikufa mkimbizi mjini Paris mwaka 1934. Mji wake wa Huliaipole ulikuwa karibu na mstari wa mbele tangu mwanzo wa vita vya sasa, ukabomolewa vibaya kwa makombora.

Uvamizi ulipotokea, waanakisti kadhaa wa Ukraine, pamoja na wenzao kutoka Urusi na Belarus waliokuwa wamekimbilia huko, walijiunga na vikosi vya ulinzi wa maeneo. Wengine walianzisha mtandao wa kukusanya dawa, fulana za kujikinga na risasi na droni kwa ajili ya wapiganaji wao. Hoja yao ilitokana na mambo waliyoyaona kwa macho. Februari 2020, mahakama ya kijeshi mjini Penza, Urusi, iliwahukumu vijana saba vifungo vya kati ya miaka sita na 18 kwa madai ya kuunda kundi la kigaidi, ilhali baadhi yao walieleza kwamba waliteswa kwa umeme ili wakiri. Belarus nako, baada ya maandamano ya mwaka 2020, waanakisti walitupwa jela kwa miaka mingi.

Kwa watu hao, kauli kwamba dola zote ni sawa haikuwa na maana. Serikali ya Kyiv ina kasoro zake, lakini chini yake mtu aliweza kufungua ofisi, kuchapisha gazeti na kuandamana. Chini ya utawala wa Kremlin, angekuwa gerezani.

Wengine waliona tofauti. Mjini Kharkiv, mji uliopigwa na Urusi tangu siku ya kwanza, kikundi kimoja cha waanakisti kiliendelea kuandika habari za vijana wanaokwepa jeshi na za wanaume wanaokamatwa barabarani na maofisa wa kuandikisha askari. Wao hawakuipenda Urusi iliyokuwa ikiwapiga mabomu. Walisema tu kwamba masikini anayesukumwa kwenda kufa haulizwi na yeyote.

Hoja hiyo nayo haiwezi kupuuzwa. Tangu Februari 2022, wanaume wa Ukraine wenye umri kati ya miaka 18 na 60 walizuiwa kutoka nje ya nchi, na ni Agosti 2025 tu ambapo wale wa hadi miaka 22 waliruhusiwa. Aprili 2024, umri wa kuitwa vitani ulishushwa kutoka miaka 27 hadi 25. Kufikia Novemba 2024, kwa takwimu za waendesha mashitaka wa nchi hiyo, zaidi ya askari 100,000 walikuwa wameshitakiwa kwa makosa ya kutoroka au kuacha vikosi vyao bila ruhusa.

Upande wa pili wa mpaka

Urusi imeifanya gharama ya kukataa kuwa kubwa zaidi. Machi 2022 ilipitisha sheria inayoweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa kusambaza kile inachokiita taarifa za uongo kuhusu jeshi. Septemba 21, 2022, Putin alitangaza kuitwa kwa askari wa akiba 300,000. Ofisi za kuandikisha askari katika miji kadhaa zilichomwa moto, na kundi la kianakisti ambalo Petrov alishiriki kuliasisi lilidai kuhujumu reli zilizokuwa zikielekea katika kambi za jeshi.

Mwanahisabati Azat Miftakhov wa Moscow alihukumiwa Januari 2021 kifungo cha miaka sita kwa tukio la kuvunjwa dirisha la ofisi ya chama tawala, kosa alilolikana. Septemba 4, 2023 aliachiwa, akakamatwa tena palepale mlangoni mwa gereza. Machi 2024 aliongezewa miaka minne kwa maneno aliyodaiwa kuyasema mbele ya wafungwa wenzake wakati wakitazama televisheni. Mei 2025, anakisti mwingine, mwenye uraia wa Urusi na Italia, alihukumiwa miaka 29 kwa kuushambulia uwanja wa ndege za kijeshi kwa droni na kulipua reli.

Nani alikuwa sahihi?

Ukiutazama ugomvi wa mwaka 1914 kwa macho ya leo, hakuna upande ulioshinda moja kwa moja. Kropotkin alikuwa na haki kwamba Ubelgiji isingekombolewa kwa ilani. Lakini dola alizoziunga mkono hazikulegea baada ya ushindi. Zilibaki na makoloni yao, na miaka 21 baadaye Ulaya iliingia tena vitani. Malatesta alikuwa na haki kuhusu hilo, ila ule mgomo wa wafanyakazi wa nchi zote ambao ungesimamisha vita haukutokea, naye alimaliza maisha yake mwaka 1932 akiwa chini ya ulinzi wa polisi wa Mussolini.

Jambo moja hata hivyo linajitokeza. Kukataa kupigana kulisaidia kumaliza vita pale kulipotokea ndani ya majeshi yenyewe. Askari wa Urusi walitoroka kwa wingi mwaka 1917, na Novemba 1918 mabaharia wa Ujerumani waliasi mjini Kiel na utawala wa Kaisari ukaanguka katika siku chache. Walioasi wengi hawakuwa waanakisti, ila walifanya kile ambacho ilani ya 1915 ilikitarajia.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wa sasa. Kukataa vita kunaleta amani pale kunapotokea pande zote mbili. Kukitokea upande mmoja tu, anayefaidika ni yule ambaye askari wake wanaendelea kutii. Kumwambia mkazi wa Kharkiv aweke silaha chini, ilhali anayempiga haambiwi neno, au akiambiwa hafanyi lolote, ni kumtaka abebe peke yake mzigo wa watu wawili. Kwa haki, mzigo huo unapaswa kuanzia kwa aliyevamia.

Lakini haki ya Ukraine kujilinda haijibu swali la pili, nalo ni kama serikali inayolindwa ina haki ya kumlazimisha kila mtu afe kwa ajili yake. Uingereza ilikabiliwa na swali hilo mwaka 1916 ilipoanzisha uandikishaji wa lazima. Sheria yake, pamoja na ukali wote, iliruhusu mtu kuomba msamaha kwa sababu za dhamiri. Watu wapatao 16,000 walikataa vita, na maelfu kati yao walifungwa, lakini nchi haikushindwa vita kwa sababu yao. Taifa lenye hoja nzuri ya kupigana linaweza kumvumilia asiyetaka kuua.

Suala hili haliko mbali na Afrika Mashariki kama linavyoonekana. Januari 2023, Serikali ya Tanzania ilithibitisha kwamba raia wake mmoja, aliyekwenda Urusi kwa masomo na baadaye kufungwa huko, aliuawa Ukraine Oktoba 2022 baada ya kujiunga na kundi la Wagner kwa ahadi ya kuachiwa huru. Novemba 2025, Serikali ya Kenya ilisema huenda zaidi ya Wakenya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi, baadhi yao wakiwa wamedanganywa kwa ahadi za kazi.

Vijana hao hawakuwa waanakisti, na yumkini wengi wao hawajapata kusikia jina la Kropotkin wala la Malatesta. Lakini kama wapagazi waliolipa jina soko la Kariakoo, walijikuta katika vita ambavyo hawakushirikishwa kuvianzisha, wakipewa silaha na dola isiyowajua. Swali walilogombania wale marafiki wawili wa London, la nani mwenye haki ya kuamua kijana fulani akafe wapi, limewafikia wao kabla halijapatiwa jibu.